Koti la Kilo Nane na Nusu

"Mwanadamu wa kuidanganya mizani mbele ya Nestory bado hajatungwa mimba!"

Aliyasema hayo mwenyewe, sokoni Kizwite, saa nne asubuhi, amesimama juu ya kreti la soda. Waliosikia ni wengi: mkaguzi wa vipimo na begi lake, wanawake wa ulezi, wapagazi, na Yonas, muuza maharage wa meza ya jirani, ambaye mawe yake ya mizani yalikuwa yamegeuzwa hadharani na kukutwa yametobolewa chini kama meno ya mla miwa. Ya Nestory yalipopimwa, la kilo mbili lilikuwa kilo mbili, la kilo moja lilikuwa kilo moja, la nusu lilikuwa nusu. Mkaguzi akagonga muhuri wake, na Nestory, mtu ambaye hata siku za kawaida hakuhitaji kreti ili aonekane, akapanda kreti.

Coleta, mkewe, alikuwa amekaa chini na ungo wa maharage mapajani. Alicheka mpaka akayamwaga. Siku za baadaye kreti lile lilimrudia kichwani mara nyingi kuliko hata siku ya ndoa yao.

Miaka ishirini na miwili Nestory alikuwa anapima. Maharage, ulezi, karanga, na ukimpa nafasi, watu. Alikutazama kutoka kandambili mpaka kofia, akafumba jicho moja, akatamka. "Mama Mchungaji, sabini na nane, na hapo sijaweka maneno." "Mwalimu, hamsini na tisa pamoja na fimbo." Mtu akibisha, anapelekwa kwenye mizani ya magunia kwa wanunuzi wa mahindi, kundi la watu likimfuata nyuma utadhani wanamsindikiza bibi harusi. Nestory hakukosea zaidi ya kilo mbili.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mawe hayalali sokoni, kwa sababu jiwe lililolala sokoni linaamka jepesi. Kila jioni aliyatia kwenye koti lake, koti la mtumba la sufu nzito, la askari wa nchi fulani yenye theluji. Coleta alilishonea mifuko ya ndani kwa kitambaa cha gunia la katani, mshono mara tatu, chuma kisitoboe. Ukiwa kwenye njia ya kwenda Izia, nyumbani kwao, ulimsikia Nestory kabla hujamwona. Ya pili, nyongeza. Mteja akishapimiwa, na mizani imetulia sawasawa, muuzaji anachota konzi moja anadondosha juu. Asiyetoa nyongeza hapati mteja wa kurudi, na hata akipata, anasemwa. Nestory alikuwa na kiganja kikubwa, na watu walikuwa wanakijua.

Kikohozi kilianza mwezi wa pili na kufika wa tano bado kipo. Alikonda. Mtu aliyejua kilo za mji mzima akawa hataki kuulizwa zake. Yonas, ambaye alikuwa hajasahau lile kreti, alimwita kutoka mezani kwake: "Mpimaji! Hebu jipime na wewe tusikie!" Nestory akajibu kwamba dhahabu haipimwi kwenye mizani ya maharage. Watu wakacheka, akacheka nao, kikohozi kikamkatiza katikati ya kicheko.

Zahanati walichukua makohozi. Kifua kikuu. Nesi Margareth, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya, aliwaketisha wote wawili akawaeleza: miezi sita, dawa kila siku, na Coleta ndiye atakuwa msimamizi wa dawa nyumbani. "Wewe mama ndiye jicho langu. Unampa, unamwona anameza, ndipo unaweka alama kwenye kadi. Siyo kabla. Asiruke hata siku moja. Haya baba, panda mizani, dawa zinakwenda na uzito."

Nestory akapanda kama alivyokuwa: koti, buti na vyote. Ilikuwa asubuhi ya baridi, hata nesi mwenyewe alikuwa amejifunga kitenge juu ya sare. Alipopanda, kitu kiligongana ndani ya koti, ko. Coleta akamtazama mumewe. Mumewe akatazama ukuta.

"Hamsini na sita na nusu. Vizuri, nilidhani ni chini ya hapo. Kuanzia hamsini na tano, vidonge vinne."

Nesi akaendelea kueleza. Mkojo utakuwa mwekundu, msiogope, ni rangi ya dawa. Halafu akataja mambo mengine ya kuangalia: ganzi miguuni, kutoona vizuri, kutapika, macho kuwa ya manjano. Aliyasema yote, na aliyasema vizuri. Coleta alikuwa anatikisa kichwa tu. Masikio yake yalikuwa kwenye koti.

Nje, kwenye ngazi, alimshika mkono. "Baba Sharon, hukutoa mawe."

"Nimesahau."

"Turudi tumwambie."

"Tumwambie nini? Kwamba Nestory, Nestory wa mizani, kapimwa na vyuma mfukoni? Yule nesi dada yake si anauza nyanya palepale sokoni? Mpaka saa sita Yonas atakuwa ametunga wimbo."

"Lakini dawa..."

"Bila koti na buti, kwa kilo zangu arobaini na nane na nusu, ningepewa vitatu. Sasa nimepewa vinne." Alifumba jicho moja. "Hicho cha nne ni nyongeza, Mama Sharon. Umeona wapi mteja anarudisha nyongeza?"

Coleta akacheka. Huo ndio ukweli, na hakuna aliyemlazimisha. Alicheka kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu mwanamume huyu alikuwa hajachekesha tangu mwezi wa tatu. Tena ilikuwa na maana kichwani mwake: dawa ni nzuri, na kitu kizuri kikizidi kidogo kwa huruma ya muuzaji, kuna ubaya gani?

Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla ya uji, aliviweka kwenye kiganja chake vile vidonge vinne vya rangi ya udongo wa matofali. Alimwona anameza. Aliweka alama. Kadi ile aliitunza ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, na kwenye jumuiya alikuwa akiitoa kuwaonyesha wenzake, alama zimepangana kama mahindi kwenye gunzi. Walipokwenda kliniki tena mwishoni mwa mwezi, Nestory alikuwa amepungua zaidi, maana kula kulikuwa kumemshinda. Asubuhi hiyo Coleta alimwona anachukua jiwe lingine la kilo mbili, la akiba, analitia mfuko wa kushoto. Alimtengenezea tu kola ya koti, ikae vizuri.

"Hamsini na saba!" Nesi Margareth alifurahi kweli. "Unaona? Mtu akiwa na msimamizi mzuri!"

Mwezi wa saba ulipoingia, Nestory alichukia harufu ya samaki. Migebuka ya Kasanga, ambayo zamani alikuwa anaila mpaka anafyonza mifupa, akawa anaomba ipikwe kwa jirani. Akawa anajikuna tumbo na mgongo mpaka shati linachafuka damu. Mkojo ulikuwa umetoka kwenye wekundu ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyolala, lakini si walishaambiwa mkojo utabadilika? Waliambiwa wasiogope, wakawa watiifu, hawakuogopa. Asubuhi akimeza, anatapika. Na Coleta alikumbuka sawasawa maneno ya nesi ya ile kliniki ya pili: akitapika kabla ya nusu saa, arudie. Basi alimrudishia. Mara tatu wiki ile alimrudishia, akiwa amemshika bega, akimbembeleza kama mtoto. "Meza, Baba Sharon. Meza, tumefika mbali."

Aliyeona ni Yonas. Jumamosi ile Nestory alijikokota mpaka sokoni, akakaa nyuma ya meza akiwa amejikunja ndani ya koti. Yonas alikuja kuomba chenji, akamtazama, akaangua kicheko.

"Nestory! Umekula mahindi ya njano ya msaada yakapanda machoni?"

Halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Akamgeukia Coleta, akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Shemeji, huyu mtu macho yake si mazuri."

Coleta akamsogeza juani, akavuta kope chini kwa kidole. Manjano. Si manjano ya kubahatisha, manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Watu wameishi naye, wamelala naye, wamemshika bega akitapika, na hakuna aliyeona. Nyumba yao ya Izia ilikuwa na dirisha moja dogo, na katika baridi ile lilikuwa halifunguliwi.

Kliniki ya kifua ilikuwa Jumanne. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi Coleta alisimama na vidonge vinne mkononi. Kuna kitu nesi alisema kuhusu macho. Alisema nini? Alisikia tu mawe yakigongana. Lakini lile lingine alilisikia wazi, na alikuwa amelisema yeye mwenyewe mbele ya jumuiya mara kumi: asiruke hata siku moja. Akampa. Akameza. Akaweka alama. Jumatatu vilevile.

Jumanne Nesi Margareth alipoinua tu uso, alisimama. "Mungu wangu. Leo amekunywa?"

"Bado, nimekuja navyo."

"Asinywe! Hata kimoja! Toka lini yuko hivi?"

"Jumamosi."

"Na Jumapili ulimpa?"

Coleta akatoa kadi kwenye kitabu cha nyimbo. Alama zote zilikuwepo. Nesi akaitazama kadi ile nzuri isiyo na pengo, akaifunga polepole, akaanza kuandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa.

Huko walipokelewa na Daktari Ngeleja, kijana mrefu wa Kisukuma ambaye alikuwa akiongea taratibu kama anayeswaga ng'ombe njia nyembamba. Walimtoa Nestory damu, wakampima homa ya ini ya B na ya C, wakampiga picha ya tumbo. Siku ya pili daktari akamwita Coleta pembeni.

"Mama, virusi hana. Nyongo haijaziba. Lakini vipimo vya ini vimepanda mara kumi na nne ya kawaida. Ini limeumizwa na kitu. Pombe anakunywa?"

"Ya ulezi, Jumapili baada ya misa. Tangu aanze dawa hajagusa."

"Dawa nyingine? Za maumivu, za kununua dukani?"

"Hapana."

"Za kienyeji?"

"Hapana, daktari."

Daktari aliandika kwa muda mrefu kuliko neno hapana linavyohitaji. Na bahati ilivyo mbaya, alasiri ileile nesi wa wodi aliinama kuokota bomba la sindano, akaibuka na chupa ya maji ya lita moja na nusu kutoka chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na kitu cheusi chenye mizizi inaelea.

"Hizi ndizo hapana zenu," alisema nesi.

Ilikuwa ya Bertilla, dada yake Nestory, ambaye alikuwa amekuja na basi kutoka kijijini asubuhi hiyo. Bertilla alisimama katikati ya wodi, mikono kiunoni. "Nimeileta leo! Leo! Hata kizibo hakijafunguliwa, tazameni! Kaka yangu alikuwa wa manjano kabla sijapanda basi. Wifi, si useme?"

Wote wakamgeukia Coleta: daktari, nesi, Bertilla, wagonjwa sita na ndugu zao. Nestory pia, kutoka kwenye mto, kwa macho yale. Alijua mkewe anachotaka kusema. Alitikisa kichwa kidogo sana, kulia, kushoto.

Coleta aliona kwamba daktari ameshapata jibu lake, na jibu lenyewe ni chupa. Ataandika chupa, atafunga faili, na siku ya kurudishiwa dawa mume wake atarudishiwa vinne.

"Si chupa," alisema. "Ni koti."

Alieleza yote, la kwanza la kusahau na la pili la makusudi. Alieleza nyongeza. Mahali fulani katikati mgonjwa wa kitanda cha tatu alianza kucheka, akanyamaza mwenyewe. Daktari Ngeleja hakucheka. Alisema, "Koti liko wapi?"

Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, na mawe ndani, maana Nestory hata kulazwa hakukubali kuyaacha nyumbani. Daktari alilibeba mwenyewe kwa mikono miwili, akaliweka kwenye mizani ya wodi kama anavyowekwa mtoto. Sindano ikacheza, ikatulia.

"Kilo nane na nusu."

"Kwa hiyo ndiyo sababu?" Coleta aliuliza. "Ni kile cha nne?"

Daktari alikuwa anaweza kusema ndiyo, na Coleta angebaki na lawama yake ikiwa imekamilika. Alikuwa anaweza kusema hapana. Alisema, "Sijui, mama. Kidonge kimoja zaidi kwa mtu aliyekonda hivi kinaweza kusaidia kuharibu. Lakini kuna watu wanakula dozi yao sawasawa, ini linakataa tu. Labda vitatu navyo vingefanya hivi. Siwezi kukupimia hilo."

"Sasa mnampa dawa gani ya ini?"

"Dawa ya ini ni kuacha dawa."

"Halafu?"

"Halafu tunasubiri."

Alipoondoka, Nestory aligeuza uso ukutani. "Umenivua nguo mbele ya watu, Coleta." Hakumwita Mama Sharon. Jioni yote hakumwita kitu.

Kusubiri ni kazi isiyo na chombo cha kushika. Coleta alikuwa mtu wa kupepeta, kushona, kupima, kuweka alama, na sasa akaambiwa akae kwenye benchi. Daktari alimweleza bila kuficha: ini likishuka chini ya kiwango fulani, dawa za kifua zitaanza tena, mojamoja, na ile inayolisumbua zaidi itaachwa kabisa. Lakini siku zote hizo kifua hakina dawa. Kikohozi kitarudi. Wakichelewa, kifua kinamla. Wakiwahi, ini linammaliza. "Nawe," alisema, "kazi yako ni moja. Kila asubuhi muulize maswali. Akichanganya maneno, akiwa na usingizi usioeleweka, niite mbio."

"Nimuulize nini?"

"Chochote anachokijua vizuri."

Basi kila asubuhi, nesi wa zamu akipita na toroli, Coleta alimwinamia mumewe. "Baba Sharon. Huyu kilo ngapi?"

Siku ya kwanza hakujibu kwa sababu ya hasira, na kwa kuwa hasira ni akili timamu, Coleta alishukuru. Siku ya pili alifumba jicho moja la manjano. "Sitini na nne. Viatu vinamwongezea." Siku ya tatu alimpima mfagiaji, ya nne padri aliyekuja kuwapa wagonjwa komunyo. "Tisini. Sisi tunafunga, yeye anafungua." Wodi ikaanza kusubiri. Mgonjwa wa kitanda cha tatu alimwomba apimwe, akaambiwa hamsini na mbili na kiburi.

Kikohozi kikarudi siku ya tano, kama alivyoahidi daktari.

Siku ya nane nesi alipita. "Baba Sharon, huyu kilo ngapi?"

Nestory akamtazama nesi muda mrefu, kama mtu anayetazama meza ambayo bidhaa zake zimekwisha.

"Nani?"

"Nesi. Huyo wa kila siku. Kilo ngapi?"

"Mimi ni sabini," alisema. Akaanza kutafuta kitu kwenye shuka kwa vidole, kwa utaratibu, kila kunjo, na Coleta akajua anatafuta mifuko.

Alikimbia korido ile na mguu mmoja una kandambili. Daktari alimchoma Nestory kidole, akatazama kipimo, akaagiza drip. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Ini ndilo linalotunza sukari, alieleza huku akifunga mpira mkononi, na hili limeshindwa hata kutunza hiyo kidogo. "Ikitokea tena itabidi apelekwe Mbeya."

"Mimi nifanye nini?"

"Kaa naye."

Alikaa. Sharon, binti yao, yuko Mbeya hukohuko, anauza duka la watu. Coleta alishika simu ampigie, akaiweka chini, akaishika. Angemwambia nini? Njoo umwangalie baba yako, na ukifika hatuna la kukupa ufanye? Bertilla alisimama upande wa pili wa kitanda na chupa yake, ambayo sasa ilikuwa na thamani ya kushikwa tu. "Wifi, japo kijiko kimoja."

"Hapana, wifi."

"Unamwachia afe hivihivi?"

Coleta alichukua wembe akamkata mumewe kucha, zote kumi, polepole, asijikune damu. Hiyo ndiyo kazi aliyoipata siku nzima ile. Alipofika kidole cha mwisho, nesi alipita tena na toroli, na kutoka kwenye mto ikatoka sauti nyembamba.

"Sitini na tatu. Amepungua."

Vipimo vilishuka, lakini kwa kusuasua: mara tisa, mara saba, wiki nzima vikagoma palepale, kisha mara nne. Mwezi wa nane ukaisha. Baridi ikaondoka, vumbi likaja, na koti likabaki nyuma ya mlango bila sababu tena ya hali ya hewa. Ilikuwa mwezi wa tisa tayari daktari alipokuja na karatasi, akasema ini limefika mahali ambapo wanaweza kujaribu. Alisema kujaribu. Hakusema kupona.

"Kidonge cha aina moja tu. Alhamisi tunapima damu. Likivumilia, tunaongeza cha pili. Lisipovumilia..." Alikunja karatasi. "Kwanza tumpime uzito."

Nestory aliteremka kitandani akiwa ameshikwa. Akavua kandambili. Akavua shati, mbavu zote zikahesabika. Akashika rozari shingoni, akaivua na hiyo, akampa Coleta.

"Hiyo acha, baba," alisema nesi. "Haina uzito."

"Ina uzito. Kila kitu kina uzito."

"Haya, fundi. Kisia basi, kabla hujapanda."

Nestory alijitazama kwenye kioo cha dirisha, akafumba jicho moja. "Arobaini na tano."

Akapanda. Hakuna kilichogongana. Sindano ikacheza kidogo tu, ikatulia.

"Arobaini na moja," alisoma nesi.

Amekosea kwa kilo nne. Miaka ishirini na miwili haijatokea. Mgonjwa wa kitanda cha tatu, ambaye siku nyingine angekuwa na la kusema, aligeukia chai yake. Nestory aliitazama ile sindano, hakubishana nayo. Akashuka.

Kidonge kilikuwa kimoja. Nesi alimpa Coleta amshikishe mgonjwa wake, kama zamani, na Coleta akakiweka kwenye kile kiganja kikubwa ambacho sasa kilikuwa kimebaki upana bila nyama. Kilionekana kidogo sana pale katikati. Nestory akamtazama. "Ni hiki tu, Mama Sharon?"

"Ni hicho tu."

Akameza. Coleta alimwona anameza. Alikuwa na kalamu mkononi lakini hakuandika kitu. Alibaki anayatazama macho yake, yale meupe yaliyoanza kurudi, kama vile yangegeuka palepale mbele yake.

Mpaka Alhamisi kulikuwa na siku tatu, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kumpa kwa siku hizo tatu. Jumatano Bertilla alimshikia zamu, naye Coleta akaenda Kizwite kufungua meza, maana maharage yalikuwa yameanza kutoboka na wadudu. Alifika na koti mkononi. Alitoa mawe, moja moja, akayapanga. Yonas alitoka kwenye meza yake bila kuulizwa, akamsaidia kunyoosha mizani.

"Anaendeleaje, shemeji?"

"Kesho wanapima damu."

Yonas akarudi mezani kwake.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Mchungaji. Alitaka kilo mbili. Coleta akaweka jiwe, akamwaga maharage, akapunguza, akaongeza punje, akapunguza punje, mpaka sahani mbili zikasimama sawasawa bila kutetemeka. Akamfungia.

Mama Mchungaji alisubiri, kapu likiwa wazi. "Na nyongeza, mama?"

Mkono wa Coleta ulikuwa umeshaingia kwenye gunia, kwa mazoea, na konzi limeshajaa. Ulibaki humo. Aliutazama. Akafungua vidole ndani kwa ndani, akautoa mtupu.

"Sitoi nyongeza," alisema.

Kilo moja ya maharage ilikuwa shilingi elfu mbili na mia mbili, na Coleta akamdai elfu nne na mia nne za kilo zake mbili, si zaidi si pungufu.